Mijusi wa Nyumba ya Mama Mdogo

Huyu Bibi Mijusi ni binamu wa mke wangu, kwa hiyo msije mkasema kisa nimekiokota njiani. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na vibarua wa shamba la michikichi, siku walipomwona mwanamke mzima, na elimu yake yote, amelala kifudifudi kwenye matope akimbembeleza guruguru, yule mjusi mnene, atoke chini ya gogo. Mwanzoni alikasirika. Baadaye akazoea, hadi ikafika mahali ukimwita jina lake halisi hageuki.

Kazi yake ni hiyohiyo. Hutafuta wanyama wanaotambaa, mijusi, nyoka, vinyonga, kobe, akaandika ni wangapi na wa aina gani, na wanaishi wapi. Hufukia ndoo za plastiki ardhini hadi mdomoni, kisha kati ya ndoo na ndoo anasimamisha uzio mfupi wa nailoni. Mjusi akija mbio zake akakutana na uzio, haruki, anaufuata pembeni, mwisho wake anatumbukia ndoani. Asubuhi Bibi Mijusi anapita, anamtoa, anampima urefu na joto la mwili, anamwachia. Ni kazi ya subira tu. Na subira ndiyo kitu ambacho ukoo wa mke wangu wote hawana, lakini hayo tuyaache.

Asubuhi ninayoisema ilikuwa asubuhi ya kawaida. Aliamka, akanywa chai jikoni na mama yake mdogo, akavaa mabuti ya mvua. Mama mdogo akamtania kama kawaida yake kwamba wenzake wakisomeshwa wanaleta nyumbani wakwe, yeye analeta nyoka. Alikuwa na haki ya kumtania. Ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki, akamsomesha kwa mihogo na ndizi za shamba hilohilo lililozunguka nyumba.

Sasa shamba lenyewe ndilo lilikuwa tatizo. Upande mmoja lilipakana na barabara, pande nyingine zote ni michikichi ya kampuni, mistari na mistari, hujui inaishia wapi. Kampuni ililitaka. Mama mdogo hakuwa na hati yoyote ya kuonyesha, alikuwa na mihogo, migomba, rundo la mawe la zamani na viumbe waliojificha humo. Lakini kulikuwa na sharti kwamba kabla ya kupanuka lazima pachunguzwe. Ikionekana pana wanyama ambao michikichi imewakimbiza, basi pasiguswe. Labda mwenyewe akubali kuondoka kwa hiari yake, na hilo kila mtu alijua halitatokea wakati mama mdogo anavuta pumzi. Ofisi ikamtuma Bibi Mijusi afanye uchunguzi. Kwamba shamba ni la mama yake mdogo hakuuliza mtu, naye hakujipeleka kusema.

Na mwanzoni mambo yalimnyookea. Ndoo za shambani zilikuwa zinajaa kama soko. Kulikuwa na guruguru wanene, vinyonga wenye hasira, mijusi wadogo wa mkia wa buluu, hata yule nyoka mdogo wa ardhini anayefanana na mnyoo. Ndoo za kwenye michikichi zilikuwa zinatoa mjusi mmojammoja, tena wa aina ileile. Baadaye zikawa hazitoi kitu. Bibi Mijusi akachekelea. Tofauti kubwa kiasi hicho, nani atabisha?

Ila asubuhi hiyo ndoo za shambani, mstari ulio jirani kabisa na michikichi, zilikuwa tupu.

Tupu kwa namna ambayo haikumpendeza. Ndoo iliyolala ardhini usiku kucha lazima iwe na kitu, jongoo, majani, mchanga uliomwagika. Hizi zilikuwa safi kabisa. Zimelowa kidogo ndani, kama bakuli alilomaliza mbwa.

Damu ikamchemka. Kitu cha kwanza alichofikiria ni hujuma, na nani angemlaumu? Akavuka hadi kwa mlinzi wa kampuni, mzee mmoja waliyemwita Kofia kwa sababu hajawahi kuonekana bila kofia, akamshushia maneno yote aliyokuwa nayo. Kofia alimsikiliza mpaka akachoka. Akasema yeye mijusi anawaogopa tangu utotoni, akashike ndoo za mijusi ili iweje? Kisha akamwambia kwamba ameomba ahamishiwe getini, hataki tena lindo la humu ndani. Bibi Mijusi hakumuuliza kwa nini. Alikuwa na hasira mno kuuliza maswali.

Kesho yake mstari wa pili ukawa vilevile. Safari hii ndoo hazikuwa tupu, na heri zingekuwa tupu.

Ndani ya kila ndoo kulikuwa na gamba. Si gamba la nyoka. La mjusi. Sasa hapa nieleze kitu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilielezwa mara mbili ndipo nikaelewa. Nyoka hujivua gamba zima, linabaki kama soksi. Mjusi hawezi. Mjusi hubanduka vipandevipande kama chokaa ya ukuta mkuukuu, tena vingine huvila. Haya yalikuwa mazima. Yalikuwa na vidole vyote, na kucha, na tundu la sikio. Kinyonga naye alikuwa amejivua gamba hadi kwenye kope.

Akampigia profesa wake. Mtandao ukakata. Akapanda juu ya rundo la mawe, akapiga tena, akaeleza. Profesa akamwambia hilo haliwezekani. Akajibu kwamba anajua haliwezekani, ndiyo maana amepiga simu. Akaambiwa atume picha, akahangaika na picha hadi jua likawa kali, ikafika, na profesa akajibu kwamba anaona kipande cha nailoni ya uzio. Akamshauri apumzike. Bibi Mijusi aliwahi kuniambia kwamba kwa hasira aliyokuwa nayo wakati ule, angeumwa na nyoka angekufa nyoka.

Kila kulipokucha mstari mmoja zaidi ulikwisha. Kutoka kwenye michikichi kuja nyumbani. Haukurukwa hata mmoja.

Alihamisha ndoo, ikawa bure. Alizifunika kwa mbao zenye mawe juu, akakuta mbao ziko palepale, mawe palepale, na ndani magamba. Meneja wa kampuni akapita na gari lake, akateremsha kioo, akamuuliza kwa upole kabisa kama uchunguzi unaendelea vizuri. Akamkumbusha kwamba wajumbe wa kamati wanakuja kesho kutwa kuona kwa macho yao. Bibi Mijusi akauma meno, akasema unaendelea vizuri.

Ndipo akaamua kuwafuata mijusi walikoenda. Ilikuwa mchana wa siku iliyofuata, jua la utosi. Akaingia kwenye michikichi.

Kwenye michikichi mchana kuna kigiza cha kipekee. Makuti yamefunga juu, chini hakuna majani wala kichaka, ni mistari tu. Alikwenda akikagua mashina. Kwa mbali hakuona kitu. Alipofika katikati, pale ambapo makuti yameachana na jua linapenya hadi chini, akawaona.

Walikuwa kwenye mashina. Mijusi, guruguru, vinyonga, kila shina. Wamebandika matumbo, vichwa chini. Wote wamegeukia upande mmoja, upande wa shamba la mama mdogo.

Hawakukimbia. Mjusi asiyekimbia akiona kivuli cha mtu, huyo ana kasoro. Akamshika guruguru mmoja, akamshika tu kama unavyochukua kitu sokoni, akampachika kipimajoto. Alikuwa ameota jua kali. Ngozi yake mpya ilikuwa inang'aa. Lakini mwili ulikuwa wa baridi. Baridi ya maji ya mtungi.

Akamrudisha kwenye shina.

Akapiga hatua moja kurudi shambani. Wakateremka hatua moja.

Akasimama. Wakasimama.

Alisikia moyo wake tu. Hakuna ndege. Hakuna upepo. Akapiga hatua nyingine, na kucha zao zikakwaruza magome kwa pamoja. Akatimua mbio. Buti moja lilimvuka, hakurudi kulichukua.

Hapo mwenye akili angefanya nini? Angemchukua mama mdogo, wakaondoka. Mke wangu ndivyo alivyomwambia baadaye, na mimi nikaitikia. Lakini sisi hatukuwa na kamati inayokuja kesho. Mwenzetu aliona kitu kimoja tu, kwamba wajumbe watakuta ndoo tupu pande zote mbili, wataandika hakuna tofauti, na mama mdogo atatolewa kwenye nyumba aliyozeekea. Woga ukageuka hasira tena. Na hasira ikamletea wazo.

Shambani hakukuwa na mjusi hata wa dawa. Lakini ndani ya nyumba walikuwepo. Mijusi wa ukutani, wale weupe wanaolia nyuma ya kabati. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa nao wengi, alikuwa hataki wafagiliwe. Jioni ile mama mdogo alikuwa amekwenda kwa jirani aliyejifungua. Bibi Mijusi akachukua ufagio na kitambaa, akapanda viti, akawakusanya wote. Nyuma ya picha, juu ya dirisha, jikoni, chumbani kwa mama mdogo nyuma ya kitanda. Akawatia kwenye ndoo za mwisho, zile za kuzunguka nyumba, akafunika. Usiku mmoja tu. Wageni wakija wakute kitu kinatembea.

Ulikuwa udanganyifu, na alijua. Alisema moyoni kwamba hata kampuni, kama ingeulizwa mijusi wa shambani walikwenda wapi, ingetoa macho tu.

Mama mdogo alirudi giza linaingia. Aliweka kanga kwenye kiti, akawasha taa, akabaki amesimama katikati ya chumba.

"Mbona nyumba imenyamaza?" akauliza.

Bibi Mijusi akajifanya hasikii. Mama mdogo akatazama ukuta, akatazama dari, akamtazama yeye.

"Umewapeleka wapi?"

Ikabidi aseme. Alisema yote kwa mkupuo, kamati, ndoo, meneja, alichokiona kwenye michikichi. Alitegemea kuchekwa au kukemewa. Mama mdogo hakufanya lolote. Alikaa kwenye kiti taratibu, akashusha sauti kama mtu anayeogopa kusikika nje.

"Mwanangu, mimi hao niliwakuta humu. Aliyenitangulia naye aliwakuta. Nenda kawarudishe."

"Kesho mama. Wageni wakishaondoka nawarudisha wote."

"Kinachokuja kinachukua kinachotambaa kwanza."

"Na kisipokikuta?"

Mama mdogo akainuka akaenda kulala bila kula. Bibi Mijusi anasema hilo ndilo linalomkereketa kuliko yote, kwamba alikuwa amechoka, amekasirika, akaona ni maneno ya uzee. Ndoo zilikuwa nje hatua chache tu. Angeweza kutoka. Akafunga komeo, akalala.

Asubuhi alitokea mlango wa mbele, akaenda kwanza kwenye ndoo. Alifunua ya kwanza, magamba. Madogo, meupe, membamba kuliko karatasi ya sigara. Ya pili, magamba. Akazunguka nyumba nzima akifunua na kutupa vifuniko, analia kwa hasira, anatukana matusi ambayo mama mdogo hakumfundisha. Ya mwisho ilikuwa imegusana na kizingiti cha mlango wa jikoni. Na mlango aliofunga kwa komeo ulikuwa wazi.

Mama mdogo alikuwa ameketi uani.

Alikuwa ameketi chini, si kwenye kigoda. Miguu ameinyoosha, uso ameuinua juani, macho yamefumba. Hakuwa amewasha moto. Mama mdogo, ambaye maisha yake yote chai ilitangulia jua. Bibi Mijusi akamsalimia. Akamsalimia tena. Jua lilipopanda na kumfikia kifuani ndipo akageuza shingo, kidogokidogo. Akatabasamu. Akarudisha uso juani.

Akajisemea kwamba amenuna. Jamani, mtu akitaka kuamini jambo hakosi sababu.

Wajumbe wakafika, meneja akiwatangulia. Wakapita shambani, wakachungulia ndoo. Mjumbe mmoja akainua gamba kwa kalamu, akauliza kama ndio ushahidi wenyewe, wenzake wakacheka. Bibi Mijusi akaanza kueleza, maneno yakagongana mdomoni, meneja akamsaidia kumaliza sentensi. Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu. Akasema hata hivyo mwenye shamba asikilizwe.

Roho ya Bibi Mijusi ikatulia kidogo. Angalau hapo alikuwa na uhakika. Mama mdogo alishafukuza watu wa kampuni kwa mchi, zaidi ya mara moja.

Wakasimama mbele yake pale uani. Mwenyekiti akauliza. Mama mdogo akawatazama mmojammoja, bila haraka.

"Chukueni," akasema.

"Mama," Bibi Mijusi akanong'ona. "Mama, unasema nini?"

"Chukueni lote. Pandeni."

Akapiga magoti, akamshika mkono. Jua lilikuwa kali, watu wazima wamejikinga kwa mafaili. Mkono ulikuwa wa baridi. Laini, hauna kovu, hauna sugu la jembe. Akamtazama usoni. Mikunjo haikuwepo. Na mama mdogo akapepesa.

Binadamu akipepesa, kope la juu linashuka. Mnalijua hilo bila kufundishwa. Mijusi kinyume chake. La mama mdogo la juu halikutikisika. La chini lilipanda, polepole, likafunika jicho lote, likashuka.

Bibi Mijusi akauachia ule mkono. Nyuma yake meneja alikuwa anamshukuru mama kwa hekima yake.

Akaingia ndani. Hakuaga. Chumbani kwa mama mdogo dirisha lilikuwa limefungwa, chandarua kimeshushwa na kuchomekwa vizuri. Akakichomoa.

Lilikuwa limelala upande, magoti yamekunjwa kama mama mdogo alivyozoea kulala. Zima. Lenye vidole, na kucha. Lenye mikunjo yote ya uso. Masikio yalikuwa na matundu, vipuli bado vimo.

Hakupiga kelele. Alifanya alichofundishwa kufanya. Alilikunja kwa uangalifu, mikono kwanza, akalitia kwenye mfuko mkubwa wa sampuli, akaubana mdomo. Akatokea mlango wa mbele akapita barabarani, mfuko ameukumbatia, mguu mmoja una buti mwingine una ndala. Alikuja moja kwa moja kwetu.

Shamba lilisafishwa, michikichi ikapandwa, na nyumba ikabomolewa. Mama mdogo amepewa chumba kwenye majengo ya kampuni. Wanaopita huko wanasema amependeza, amerudi ujana, siku nzima anaota jua ukutani na wala hasumbui mtu. Bibi Mijusi aliandika kila kitu kwenye ripoti. Ofisi ikamrudishia, ikamtaka aondoe ukurasa mmoja. Alikataa, wakauondoa wenyewe.

Ule mfuko aliuweka mezani kwetu jioni ile, na mke wangu, akilia, akasema jambo la kiungwana ni kuuzika. Binamu yake akamtazama.

"Gusa kwanza," akamwambia.

Mke wangu hakuweza. Niligusa mimi. Ulikuwa na joto, joto la mtu aliyetoka kuamka.

Mpaka leo anao nyumbani kwake, kwenye kiti kando ya kitanda. Kila asubuhi anakuta nailoni ya mfuko imepata ukungu, hawezi kuona ndani. Anachukua kitambaa anaufuta, anaufuta tena, na hautoki. Ukungu uko kwa ndani.